Neno Baada ya Yame

Chumba cha dobi, Diani
Alhamisi, alasiri

Kwako mwanangu Umazi, mama yangu mdogo,

Najua utacheka. Nani humwandikia barua mtu anayelala chumba cha pili, ambaye akikohoa unamsikia? Lakini kesho alfajiri unaondoka na wenzako wa karate kwenda Tanga, na kuna jambo nataka ulijue kabla hujavuka mpaka. Kwa mdomo nimejaribu mara tatu wiki hii. Mara ya kwanza nilikuuliza kama umekula. Mara ya pili nilikuuliza kama mvua itanyesha. Mara ya tatu ulinitazama kwa yale macho ya bibi yako, nikajifanya natafuta miwani, na miwani ilikuwa usoni.

Basi naandika. Karatasi zenyewe ni za hapa kazini, usishangae ukizigeuza ukakuta "shuka, foronya, taulo kubwa, taulo ndogo". Mashine ya mwisho inazunguka, wenzangu wamekwenda kunywa chai, na nina kama saa moja ya kuwa mtu mkweli.

Habari ya soksi, hati ya kusafiria, maji ya kuchemsha na kutolala dirisha likiwa wazi sitazigusa. Mamako ameshazisema zote, na kwa sauti yake ile hakuna mtu Ukunda nzima asiyezijua.

Nataka nianzie mbali kidogo, univumilie. Nilikuwa nikikuleta hapa kazini siku za likizo, ulipokuwa na miaka kumi na mmoja. Siku moja nikatoka nje kuanua nguo, nikakuta shuka sita nyeupe za wageni zina nyayo. Nyayo za mguu mdogo, zimepangana vizuri, zote kwa urefu wa kifua changu. Nilidhani ni mzimu. Kumbe ni wewe, umemwona Mwalimu Mutua akifundisha watu mateke pale kwenye ukumbi, nawe ukaamua shuka za hoteli ndizo maadui zako. Nilizifua upya zote sita, na nilipokuwa nazifua nilicheka peke yangu mpaka msimamizi akaja kuuliza kama naumwa. Sikukupiga siku ile. Ni katika mambo machache ya ulezi wako ambayo sijayajutia.

Mamako hakupenda. Alisema mtoto wa kike wa Msambweni na mateke wapi na wapi. Tena ukaanza lile neno lenu. Anakuita, "Umazi!" nawe badala ya kuitika "abee" kama mtoto mwenye adabu unajibu "Oss!" Siku ya kwanza alidhani umepaliwa, akakupiga mgongoni.

Mimi nami nilikuwa sielewi kitu. Nilianza kuelewa zilipotokea zile vurugu za Likoni, wageni wakakatika na hoteli ikabaki kama ganda. Tulikuwa tunapiga pasi shuka ambazo hakuna aliyezilalia, ili mradi mikono isisahau kazi. Mwalimu Mutua alirudi kwao Ukambani kwa hofu, na simlaumu, maana watu wa bara walikuwa wakiandikiwa vikaratasi vya kuwaambia wahame. Wewe ndiwe uliyebaki na ufunguo wa ukumbi. Kila jioni uliwapanga wale wadogo saba mstari mmoja, ukawahesabia kwa Kijapani chako cha Ukunda. Mimi, kwa kukosa kazi, nikawa nakuja kuketi mlangoni. Hapo ndipo nilipojifunza maneno yenu. Mwalimu Mutua aliporudi, baada ya miezi, alisimama pale mlangoni kando yangu, akawatazama watoto, akavua kofia. Akaniambia, "Mzee, nilijua nikirudi nitapata hii place imefungwa. Huyu msichana wako ni mwingine." Nilijivuna kama mimi ndiye niliyepiga hayo mateke.

Nayasema haya ili ujue kwamba ninapokuja kwenye jambo la Mombasa, sikuwa mtu aliyekuja kutazama kwa bahati mbaya. Nilikuwa baba anayejua. Au anayedhani anajua, na huyo ni mbaya zaidi.

Siku ile ya mashindano, katika ule ukumbi wa Mombasa, niliketi kwenye benchi na mama mmoja kutoka Tanga. Alikuwa amefunga leso ya rangi ya zambarau na ana kikapu. "Wako yupi, kaka?" akaniuliza. Nikamwonyesha. "Na wako?" Akamwonyesha Zuhura wake, yule mrefu. Tukaangaliana, tukacheka, maana tulijua zamu itafika watoto wetu wakutane. Alinimegea kashata ya nazi. Mtu mwema, Umazi, mwenye maneno. Tulikaa pale asubuhi nzima kama watu waliokulia mtaa mmoja.

Na tukawa na mchezo wetu. Mwamuzi akitaka pambano lianze anasema "Hajime!" Yule mama akaniambia alidhani kuna mtu anaitwa Haji na kwamba huyo Haji amechelewa. Halafu akitaka wasimame anasema "Yame!" Mama Zuhura akanigeukia, uso mkavu kabisa. "Mbona hamalizi huyu? Yame nini? Yameiva? Yamemwagika?"

"Pengine ni maharage," nikamwambia. "Yameungua."

Alicheka mpaka akajipangusa macho kwa ncha ya leso. Tangu hapo kila mwamuzi akisema yame, mmoja wetu anamalizia. Yamefurika. Yameoza. Yamepanda bei. Watu wa nyuma wakatuambia tunyamaze.

Halafu ukaitwa wewe na Zuhura.

Nimeirudia ile dakika mara nyingi kuliko ulivyoirudia wewe, na najua wewe umeirudia sana. Mko sawa kwa alama. Mwamuzi akasema "Yame!" Zuhura akashusha mikono, akaanza kugeuka kurudi kwenye mstari wake, kama inavyotakiwa. Wewe nawe ulikuwa umeshaanza kushusha. Nilikuona. Mabega yako yalikuwa yameshalegea. Na mimi nikasimama juu ya benchi nikapiga kelele: "Piga, mama! Piga!"

Uliniuliza kwa nini, siku ile tukiwa kwenye kivuko, nikakwambia ni jazba. Si jazba peke yake. Nimelifikiri sana hili jambo hapa kwenye mvuke. Asubuhi nzima nilikuwa nimejizoeza kulisikia lile neno kama nusu ya neno. Kwa Mjapani yame ni simama, kazi imekwisha. Kwangu mimi yame lilikuwa ni mwanzo, bado linangoja mkia wake. Na kichwani mwangu, kama neno halijaisha, basi hata pambano halijaisha. Nimekaa miaka mitano nawe kwenye karate, nimejifunza maneno yote, na siku lilipohitajika moja tu nikalisikia kwa sikio la kwetu.

Na wewe, mtoto uliyelelewa kuitika baba akiita, mkono wako ukanitii. Ngumi ikampata Zuhura mdomoni akiwa hana habari. Karate yenu ya mashindano ni ya kugusa, si ya kuumiza, na tena baada ya yame hata kugusa hakuna. Mwamuzi akakutoa. Ulisimama pale katikati, damu ya mwenzako kwenye mkono wa suti yako, ukinitazama mimi. Hukulia mpaka ulipotoka nje.

Hayo unayajua. Sasa usiyoyajua.

Wewe ukiwa nyuma ya ukumbi na Mwalimu Mutua, mimi nilikwenda kuwaomba radhi. Mama Zuhura alikuwa amemkalisha mwanawe kwenye benchi letu lile lile, anamkandamiza mdomo kwa ile leso ya zambarau. Nikasema, "Pole sana, mama. Nisamehe. Ni mimi niliyepiga kelele."

Akaniangalia, na hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema, "Ni michezo, kaka. Watoto hawa watapona." Kisha akatabasamu kidogo, akalimalizia lile neno letu. "Yamekwisha."

Ningeinama nikaondoka hapo, ningekuwa mtu. Mwanangu, sikuondoka. Nilisimama, na mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Nikasema, "Lakini na Zuhura naye, mbona ashushe mikono mapema hivyo? Mkono haushushwi mpaka mtu afike kwenye mstari wake."

Nilimwambia hivyo mama wa mtoto anayetoka damu.  Yule mama alikunja leso upande ule mwingine, ulio mkavu, akaendelea na kazi yake kana kwamba mimi si mtu niliyekuwepo pale. Zuhura akanitazama juu ya ile leso. Hawakutuaga walipoondoka, na wewe ukadhani ni kwa sababu yako.

Kwenye kivuko uliniuliza, "Baba, uliwaomba radhi?" Nikasema, "Niliwaomba." Nusu yake ilikuwa kweli, na hiyo nusu ndiyo iliyoniwezesha kusema.

Tangu siku hiyo umekwenda mazoezini bila kukosa, lakini hupigi. Mwalimu Mutua alikuja mpaka hapa chumba cha dobi kuniambia, amevaa sare yake ya uaskari wa hoteli, anatoka jasho. "Mzee, Umazi ako fiti. Shida ni hiyo mkono. Anaona nafasi, halafu ana-freeze. Ni kama anangoja mtu amruhusu." Nilimwambia nitaongea nawe. Nikakuuliza kama umekula.

Kisha ikaja orodha kutoka Tanga ya nani atalala kwa nani. Klabu yao inawaweka wageni majumbani kwa watu, na mbele ya jina lako pameandikwa nyumbani kwa kina Zuhura. Mamako ndiye aliyeniambia kwamba unataka jina lako lifutwe. "Mwanao hataki kwenda. Anasema atalalaje kwenye nyumba ya watu aliowatoa damu." Hapo ndipo nikamwambia mamako yote, na lile nililomwambia mama Zuhura. Aliendelea kukuna nazi, akaikuna mpaka ikaisha. Akasema, "Mimi usinambie. Mwambie mwenyewe. Na usimwambie kwa mdomo, mdomo wako nnaujua. Utaanza vizuri, kisha utaongeza."

Amepatia. Ndiyo sababu ya barua, maana jina lako halikufutwa na kesho unakwenda. Kwenye karatasi ninaweza kukata.

Sasa nikwambie huu ugonjwa wa kuongeza nilianza nao lini, maana Mombasa haikuwa mara ya kwanza.

Unajua una baba mdogo Taru, Beja. Umemwona mara mbili, ukiwa mdogo, na umekua ukisikia kwamba "kuna maneno kidogo" kati yetu. Hayo maneno kidogo ni haya. Bibi yako, huyo uliyerithi jina lake, alipougua, Beja ndiye aliyekuwa naye. Mimi nilikuwa hapa nafua. Beja alimuuguza, alimbeba, alimlisha uji kwa kijiko, na mifugo yake ikabaki kuchungwa na majirani. Mama alipofariki nilifika siku ya kuzika. Baada ya mazishi tukaketi, mimi na yeye na wazee wa ukoo, na kila mtu alikuwa na lake. Tulisemana. Mwishowe Beja akainua mikono miwili. "Kaka, basi," akasema. "Tumechoka sote. Basi."

Wazee wakaitikia. Yakawa yamekwisha. Watu walishaanza kusimama kutafuta viatu vyao.

Nikasema, "Ungenipigia simu mapema, mama angekuwa hai."

 Beja alichukua fimbo yake akaenda zizini. Sijazungumza naye tangu siku ile. Wewe ulikuwa na miaka tisa, sasa una kumi na saba.

Na hili ndilo ambalo hata mamako hakulijua mpaka juzi. Beja alipiga simu. Alitembea mpaka barabarani kwa wafanyabiashara, akaomba simu, akapiga hapa hotelini mara mbili. Karani wa mapokezi alikuja mwenyewe mpaka mlango huu ninaoutazama sasa hivi akaniambia, "Ruwa, una simu ya nyumbani." Nikamjibu, "Mwambie nitapiga baadaye, nguo ziko kwenye mashine." Baadaye ikawa kesho, na kesho ikawa wiki. Nilijua hayo yote nilipokuwa naketi mbele ya wazee. Nilimtwisha mdogo wangu kosa langu, tena alipokwisha kusema basi, kama Zuhura aliyekwisha kushusha mikono.

Ukisoma hapa utaona kwa nini ile siku ya Mombasa ilinipiga kuliko ulivyodhani. Niliporudi nyumbani na ile suti yako yenye damu, nilitaka iwe safi kabla mamako hajaiona. Mimi ni dobi wa miaka kumi na minne, Umazi. Mtoto wa juzi kwenye kazi hii anajua kwamba damu hutolewa kwa maji baridi na chumvi, na unaiacha, unakwenda kufanya mengine, unarudi. Ukiipelekea moto inapikika ndani ya uzi, haitoki tena. Nimewafundisha vijana wangapi hilo! Na siku ile nilichukua birika linalotokota jikoni nikalimwaga juu. Nikatazama doa linageuka rangi ya chai mbele ya macho yangu.

Bado lipo, kwenye mkono wa kulia karibu na kiganja. Nimeifua suti jana kwa maji baridi, nimeianika kivulini, nimeipiga pasi kwa wanga kiasi ili ilie ukipiga ngumi, maana najua mnavyopenda ule mlio. Dawa ya kuchubulia rangi tunayo hapa tele, lakini ingekula kitambaa na mkono wa suti ukachanika katikati ya pambano. Ulikuwa umeukunja ule mkono ndani ulifiche doa. Nimeukunjua. Ukitaka kuukunja tena ni haki yako. Zuhura akiliona akakuuliza, mwambie ni babangu dobi, alisahau kazi yake siku moja.

Basi nisikilize. Ukifika kwao, mama Zuhura akiwa mkavu kwako, ujue ukavu huo ni wangu. Lako wewe ni ngumi moja, nayo ulimwomba mwenzako radhi kwa kuinama pale pale, niliona. Mengine yote usiyabebe, mzigo wangu sitaki uvuke nao mpaka. Lakini mimi sidhani atakuwa mkavu. Nimewaza sana kuhusu ile orodha. Watu wale wana wageni ishirini wa kuwagawa, na nani aliandika jina lako mbele ya jina lao kama si wenyewe? Yule mama aliposema yamekwisha alikuwa na maana yamekwisha. Ni mimi niliyekuwa bado nangoja mkia.

Mpe shikamoo yangu. Najua tu rika moja na si desturi, mpe hivyo hivyo, ataelewa. Kwenye mkoba nimetia mfuko wa korosho za Msambweni alizokaanga nyanya yako, mamake mamako, ni za mama Zuhura, usiruhusu wale wadogo waziguse njiani. Na mwambie hivi, kwa maneno haya haya: "Baba anasema lile neno la mwisho alilosema halikuwepo." Usiongeze kitu. Akikuuliza zaidi, mwambie baba ataeleza mwenyewe siku akija.

Kuhusu ulingoni. Mimi si mwalimu wako, na Mwalimu Mutua akisikia nafundisha karate atanicheka. Lakini lile alilosema, kwamba mkono wako unangoja mtu auruhusu, limeninyima raha, kwa sababu mtu huyo ni mimi. Mara moja nilikuruhusu vibaya, na sasa hujiamini mpaka usikie sauti, na ukiisikia unaiogopa. Nakuomba kitu ambacho baba hawaombi watoto wao. Ukiwa juu ya ile mikeka, usinitii. Hata ningekuwepo, hata ningepanda juu ya benchi. Akisema hajime, mkono ni wako, upeleke unapotaka wewe. Uliwafundisha watoto saba miezi mingapi bila mwalimu na bila baba, na nilikuona, ulikuwa hutetereki. Msichana yule wa ufunguo yupo, sijaona alipokwenda.

Na akisema yame, wewe moyoni mwako malizia. Usimalizie maharage kama sisi wazee wawili wajinga. Wewe unalijua neno lenyewe, na si lazima ulitamke.

Kushinda ningependa, nisikudanganye. Mamako amesema ukirudi na kikombe atakipanga kabatini mbele ya zile sahani zake za harusi, na hilo si jambo dogo. Lakini kama utapigana na Zuhura ukashindwa, huku mikono yako imekwenda ilikotaka, nitakuwa nimepata nilichokuwa naomba tangu Mombasa.

Jambo la mwisho, kisha nianike hizi shuka. Nimeomba ruhusa ya Jumamosi na Jumapili. Msimamizi aliuliza kama nakuja Tanga kukushangilia. Nikamwambia hapana, nakwenda Taru. Wakati mnapanga mistari kule, mimi nitakuwa mlangoni kwa Beja nabisha hodi. Sijui kama ataitika. Nimejiandalia maneno matatu: nilipata ile simu. Nikishayasema nitanyamaza. Akitaka kunitukana atanitukana, akitaka kunionyesha mbuzi wake nitawatazama mbuzi. Nitaogopa, usidhani hapana. Jana nilijikuta napiga pasi foronya ile ile mara ya tatu, na nikawaza, ndivyo Umazi anavyohisi kila anapofunga mkanda. Hukuwahi kuniambia, nami sikuwahi kuuliza.

Jumapili jioni sote tutakuwa nyumbani. Utanisimulia yako kwanza, mimi nitafuata. Kama Beja atakuja nami, utamkuta ameketi jikoni, na usishangae akikuita mama, kwani hata kwake wewe ni mama.

Nakupenda, Umazi. Nilipaswa kukwambia hivyo kwenye kivuko badala ya kukwambia niliwaomba radhi. Nenda salama, vuka salama, na Mungu akutangulie.

Nimeisoma barua hii tangu juu. Chini ya hapa nilikuwa nimeandika sentensi moja zaidi, iliyoanza na "Lakini na Zuhura naye". Nimeikata mpaka karatasi ikatoboka, kwa hiyo usiiweke kwenye mwanga kutafuta ilikuwa inasema nini, nakujua.

Yame.

Babako,
Ruwa